Pafu Halichagui Hewa: Ushauri kwa Wakaaji wa Goma

Ukimwona mtu ameanguka ndani ya mazuku, shimo lenye gesi itokayo ardhini, usishuke kumfuata. Hata akiwa mtoto wako. Naanza na neno hili gumu kwa sababu ndilo linalovunjwa mara kwa mara, na wanaolivunja ni watu wenye upendo: mtoto anamfuata mbuzi shimoni, baba anamfuata mtoto, jirani anamfuata baba. Kumwambia mzazi asishuke bila kumpa sababu ni kazi bure. Atashuka tu. Ndiyo maana nataka tuingie kwanza ndani ya kifua, tuone hewa inafanya nini humo, kisha turudi kwenye lile shimo, kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na kwenye godoro la mtoto anayekohoa usiku.

Hewa tunayovuta, iwe ya Goma au ya Mombasa, ina naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, na kaboni dioksidi kidogo mno, kama asilimia 0.04. Inaingia puani, inashuka kooni, inagawanyika katika njia ndogo, kisha ndogo zaidi, mpaka inafika kwenye vifuko vya hewa. Vifuko hivyo ni kati ya milioni 300 na 500, na vikikunjuliwa na kutandazwa chini vingechukua kama mita 70 za mraba, eneo kubwa kuliko nyumba nyingi za mbao za mtaa wetu wa Ndosho. Kila kifuko kimezungukwa na vishipa vyembamba hata chembe nyekundu za damu hupita humo moja moja. Kati ya hewa na damu pana ukuta wa unene wa nusu maikromita hivi. Ungepanga kuta elfu mbili za aina hiyo ndipo upate milimita moja.

Ukuta huo hauna mlango wala mlinzi. Gesi hutoka palipo na msukumo mkubwa kwenda palipo na msukumo mdogo, basi. Kwa mtu mzima anayekaa pwani, oksijeni ndani ya kifuko ina msukumo wa milimita 100 za zebaki, na ile iliyomo katika damu iliyorudi kutoka mwilini ina 40. Kwa hiyo oksijeni inaingia damuni. Kaboni dioksidi katika damu hiyo ina kama 46, na ndani ya kifuko 40. Kwa hiyo inatoka. Tofauti ya sita ni ndogo, lakini inatosha, maana gesi hiyo hupenya kwa wepesi mara 20 hivi kuliko oksijeni. Damu hukaa kando ya kifuko kwa robo tatu ya sekunde, na kazi yote huwa imekwisha katika robo ya kwanza.

Muda ule unaobaki ni akiba, na mtu wa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa kubebea mizigo, ndiye anayeitumia kuliko sisi sote. Akiwa anasukuma magunia ya viazi kwenye mwinuko, moyo wake unaenda mbio, na damu inapita pafuni kwa haraka mara mbili tatu. Inabaki robo ya sekunde, na bado inatoka pafuni ikiwa imejaa oksijeni. Kijana mwenye pafu zima anaweza kufanya hivyo siku nzima. Mwenye pafu lililovimba au lenye makovu hana akiba hiyo, ndiyo sababu akiwa amekaa anaonekana mzima na akipanda kilima anaishiwa pumzi. Ukiona hali hiyo kwa mtu wa nyumbani kwako, usimwambie amezeeka. Mpeleke akasikilizwe kifua.

Si wote waliokubali kwamba ukuta huo hauna mlinzi: mwanzoni mwa karne ya 20 wapo mabingwa wa elimu ya mwili, kama Christian Bohr wa Denmark na J. S. Haldane wa Uingereza, walioamini kwamba pafu lina nguvu yake lenyewe ya kuvuta oksijeni na kuiingiza damuni. Mwaka 1910 mume na mke, August na Marie Krogh, pia wa Denmark, walitoa vipimo vilivyoonyesha kwamba tofauti ya msukumo inatosha kueleza kila kitu. Kwetu sisi jambo hili lina uzito kuliko kwa watu wa miji mingi. Pafu likipewa hewa njema linaipitisha, likipewa hewa mbaya linaipitisha vilevile. Kuchagua hewa ni kazi ya miguu yetu, madirisha yetu na akili zetu.

Goma iko kwenye urefu wa kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa yote ina msukumo mdogo: milimita 640 hivi, badala ya 760 za Mombasa. Asilimia ya oksijeni ni ileile 21, lakini kila pumzi inabeba pungufu ya kama sehemu moja ya sita. Ndani ya vifuko vyetu oksijeni haifiki 100. Iko kati ya 75 na 80. Mwenye afya halisikii hilo hata kidogo, kwa kuwa hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, hujaa karibu kabisa hata kwa msukumo huo. Lakini chini ya 60 hemoglobini huanza kuachia oksijeni kwa kasi. Mtu wa pwani ana safari ndefu kabla ya kufika hapo. Sisi tunaanzia karibu na ukingo.

Sasa turudi kwenye mazuku. Magharibi mwa mji, kuanzia Himbi na Keshero, kupitia Bulengo, Mugunga na Lac Vert hadi Sake, ardhi ya lava ina nyufa zinazotoa kaboni dioksidi kutoka chini kabisa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu. Humiminika kama maji kwenda mabondeni, mashimoni, kwenye vyumba vilivyochimbwa chini. Jua likichomoza na upepo ukivuma, inachanganyika na kutawanyika. Usiku ukiwa umetulia, na hasa kabla ya mapambazuko, inajikusanya. Kuna sehemu ambako vipimo vimeikuta ikiwa asilimia 90 ya hewa yote iliyomo shimoni.

Piga hesabu hii pamoja nami. Katika msukumo wa hewa wa Goma, ukiondoa unyevu wa kifuani, asilimia 8 tu za kaboni dioksidi zina msukumo wa kama milimita 47. Damu inayorudi pafuni ina 46. Yaani ikifika hapo, gesi iliyokuwa itoke haina pa kutokea, na ikizidi hapo inageuza njia na kuingia mwilini. Kuhema kwa nguvu hakumsaidii mtu. Kila pumzi inamwongezea sumu. Na ataipata pumzi hiyo kwa lazima, kwa sababu kinachouamrisha ubongo upumue ni kaboni dioksidi yenyewe ikipanda damuni, jambo ambalo Haldane na mwenzake Priestley walilithibitisha mwaka 1905. Gesi inamlazimisha aivute zaidi. Kwenye asilimia 10 anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache. Kwenye 30 na kuendelea, pumzi chache zinatosha. Ndiyo maana mwokoaji mwenye nguvu, aliyeshuka mbio na anayehema, huanguka upesi kuliko aliyetulia.

Kwa hiyo fanya hivi. Simama juu, upande upepo unakotoka. Piga kelele watu waje. Tafuta kamba, mti mrefu wenye kulabu, chochote cha kumvutia ukiwa nje. Kufunga kitambaa puani hakusaidii kitu, wala kukilowesha. Gesi hupita katika kitambaa kama hakipo. Akishatolewa, mlaze mahali pa juu penye upepo. Kama hapumui, mpulizie mdomo kwa mdomo bila kuchelewa, na kama moyo umesimama mkandamize kifua. Usidhani pumzi yako ni taka: hewa unayoitoa bado ina oksijeni kama asilimia 16, na hiyo inaweza kumrudisha.

Watoto hufa wa kwanza kwa sababu pua zao ziko chini. Mtu mzima anaweza kupita mahali akiwa amesimama, asisikie lolote, na mtoto anayetembea kando yake akawa amezama ndani ya gesi mpaka kichwani. Katika maeneo hayo mbebe mtoto mgongoni, hasa alfajiri mnapokwenda kuteka maji. Angalia ardhi: ukikuta wadudu, ndege, panya au mbuzi amekufa bila jeraha, rudi ulikotoka. Mabango ya onyo yaliyowekwa kwenye baadhi ya mazuku yasigeuzwe kuni. Kuhusu moto wa mshumaa unaoshushwa shimoni kwa kamba, nasema hivi: ukizimika, hiyo ni hukumu, usiingie. Ukiendelea kuwaka, bado hujapewa ruhusa, maana kaboni dioksidi inaweza kumlegeza mtu wakati mwali ungali unawaka. Anayechimba choo au msingi upande huo aende kwanza kuwauliza wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG.

Najua vizuri kwamba si kila mtu anachagua mahali pa kulala. Mwaka 2023 na 2024, watu waliokimbia vita walipiga hema Bulengo na Lac Vert kwa maelfu, juu ya ardhi hiyohiyo, na ni aibu kwetu sote kwamba aliyeponea risasi akalazwa penye nyufa. Anayelazimika kulala huko asilale chini. Inua kitanda kwa mawe, kwa matofali, kwa mbao, hata sentimita 50 zina faida. Chagua sehemu ya mwinuko, hata kama ni mbali na maji. Acha upenyo chini ya ukuta wa hema, upande wa mteremko, gesi ipate pa kutokea. Tundu la juu peke yake halitoshi kwa gesi nzito. Asubuhi mkubwa aamke kwanza, afungue mlango kabla mtoto hajashuka kitandani. Na kama mmeamka na vichwa vizito, kifua kinabana na moyo unaenda mbio siku mbili tatu mfululizo, hameni hapo. Hatua 20 kupanda juu zinaweza kutosha.

Ndani ya mji wenyewe, hatari ya kila siku haitoki ardhini. Inatoka kwenye mbabula. Makala, yaani makaa, yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, na gesi hii haifanani na ile ya mazuku ingawa majina yao yanakaribiana. Hii haihitaji wingi. Hemoglobini huishika kaboni monoksidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Ikifika sehemu moja tu katika elfu ya hewa ya chumba, na mtu akakaa humo kwa saa kadhaa, karibu nusu ya hemoglobini yake inakuwa imekamatwa. Pafu linaendelea kufanya kazi sawasawa, vifuko viko wazi, ukuta ni mwembamba, lakini damu inapita ikiwa imekwishajaa abiria asiyefaa.

Tazama jioni ya mvua katika nyumba ya mbao. Mama amemaliza kupika maharage uani. Makala yamekuwa mekundu, hayana moshi tena, yanatoa joto zuri, na watoto wanatetemeka. Anainyanyua mbabula, anaiingiza ndani, anafunga mlango. Nyufa za mbao, ambazo zingewaokoa, zilikwisha kuzibwa kwa katoni na turubai ili upepo wa ziwani usiingie. Kila alichofanya ni cha mama mwenye huruma. Kosa liko kwenye imani moja: kwamba pasipo moshi hapana sumu. Moshi unakohoza, kwa hiyo unafukuza watu. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua watu wakiwa usingizini.

Mbabula iwashwe nje, ipikiwe nje au kwenye baraza, na izimwe nje. Isiingie chumba cha kulala kwa dakika hata moja, hata kwa ajili ya mama aliyejifungua. Kuyafunika makala kwa majivu hakuondoi gesi. Kunaongeza, kwa sababu yanakosa hewa zaidi. Bakuli la maji kando ya moto halinyonyi sumu. Jenereta nayo isikae barazani chini ya dirisha. Nyumba mpya za matofali na vioo, ambazo tunazisifu kwa kufunga vizuri, ni za kuogopwa zaidi hapa kuliko zile za mbao. Mwenye uwezo wa kupikia umeme, na mitaa kadhaa inapata ule wa maji unaotoka upande wa Virunga, aone gharama yake kama sehemu ya gharama ya afya.

Dalili zinadanganya: kuumwa kichwa, kichefuchefu, miguu kulegea. Wengi husema ni malaria au chakula kibovu. Jiulize: je, tumeumwa wote kwa pamoja? Je, nikitoka nje kwa saa moja napata nafuu, nikirudi ndani dalili zinaanza tena? Ukijibu ndiyo, ni hewa. Toeni watu wote nje, mwende hospitali, na mwambieni daktari wazi kwamba mlilala na mbabula. Mtu akiachwa apumue hewa ya kawaida, kaboni monoksidi hupungua kwa nusu baada ya saa nne au tano. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu.

Kuna jambo la kumkumbusha hata muuguzi. Kale kamashine kanakobanwa kidoleni kupima oksijeni hakatofautishi hemoglobini yenye oksijeni na ile iliyokamatwa na kaboni monoksidi. Kanaweza kuandika 98 kwa mtu anayekufa. Kwa aliyetolewa kwenye chumba chenye mbabula, amini maelezo ya jamaa kuliko namba hiyo.

Kwa magonjwa mengine kamashine hako ni msaada mkubwa, mradi ukajue mipaka yake. Hapa Goma mtu mzima mwenye afya anaweza kusoma 94 hadi 97, na hakuna sababu ya kutishika kwa kuwa hakufika 99 ya mtu wa Dar es Salaam. Ikishuka chini ya 92 na mtu anahema, nenda hospitali. Chini ya 90 ni hatari popote. Kidole kiwe na joto, kucha zisiwe na rangi. Na ujue kwamba kwenye ngozi nyeusi mashine hizi huweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli, kwa hiyo namba ya mpakani ihesabiwe kama mbaya. Tena namba hiyo haisemi damu ni nyingi kiasi gani. Mtoto aliyekaushwa damu na malaria anaweza kusoma 97 huku anahema, kwa sababu hemoglobini chache alizobaki nazo zimejaa. Tazama viganja na ndani ya kope: vikiwa vyeupe, anahitaji damu.

Nyiragongo ililipuka 1977, tena 17 Januari 2002, tena 22 Mei 2021. Katika mlipuko wa 2021, baadhi ya waliokufa hawakuguswa na moto. Walijaribu kukatiza juu ya lava iliyokuwa bado inapoa kaskazini mwa mji, wakavuta gesi zake. Lava inapoonekana nyeusi na ngumu bado inapumua kwa siku nyingi. Zunguka, hata kama ni nusu siku ya njia. Majivu yakianguka, barakoa inayobana vizuri au kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa hupunguza vumbi, na hilo ni jema kwa mwenye pumu, lakini gesi ya salfa inayokereketa koo haizuiliki hivyo. Dawa yake ni kukaa mbali. Maziwa, ambayo wengi hunywa kusafisha kifua, yanakwenda tumboni. Kunyweni kwa lishe.

Ziwa Kivu nalo limebeba kwenye vilindi vyake kaboni dioksidi ya kilomita za ujazo kama 300 na methani kama 60, zimeshikiliwa na uzito wa maji. Tunajua ziwa la namna hiyo likifumka linafanya nini: Nyos, Kamerun, usiku wa 21 Agosti 1986, walikufa watu wapatao 1,700. Kwa mtu mmoja mmoja hakuna hatua ya kila siku ya kuchukua hapo, isipokuwa kusikiliza OVG wanaposema kitu, na kujua kwamba gesi ikija, njia ni kupanda juu.

Namalizia na kikohozi, maana kinaondoa watoto wengi kuliko volkano. Katika nimonia vifuko hujaa majimaji na usaha. Ule ukuta wa nusu maikromita unakuwa kitu kinene, na oksijeni, ambayo hupenya kwa shida kuliko kaboni dioksidi, ndiyo inayokwama kwanza. Mtoto hulipa kwa kupumua haraka. Mfunue kifua akiwa ametulia, halii, hanyonyi, na uhesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama saa ya simu. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni haraka mno. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka, 50. Kuanzia mwaka hadi miaka mitano, 40. Tazama pia chini ya mbavu: pakiingia ndani kila anapovuta hewa, au midomo ikibadilika kuwa ya buluu, au akishindwa kunyonya, usingoje kupambazuke na usianze na dawa ya duka. Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, mwambie muuguzi idadi uliyohesabu, na njiani, hata kama kuna mvua, acha uso wake wazi.